Bibi Arusi wa Adui: Padmini wa Chittor na Wanawake wa Hekaya za Nam Lolwe

Utangulizi

Katika fasihi simulizi ya mataifa mengi kuna mwanamke ambaye hekaya humtaja sana na kumsikiliza kidogo. Vita hupiganwa kwa ajili yake, au hushindwa kwa sababu yake. Ngome huanguka, mvua hunyesha, shujaa hugeuka jiwe. Naye aliyekuwa chanzo cha hayo yote hapewi nafasi ya kueleza alikuwa akifikiri nini. Kule Bara Hindi mwanamke wa namna hiyo aliye mashuhuri kuliko wote ni Padmini, aitwaye pia Padmavati, malkia wa Warajput wa Chittor. Katika mwambao wa Kenya wa Ziwa Viktoria, ambalo Waluo huliita Nam Lolwe, wako wawili wanaostahili kuwekwa kando yake: yule bibi arusi wa Kilang'o aliyeolewa na Luanda Magere, na Oganda, binti wa mtemi aliyepelekwa ziwani ili mvua inyeshe.

Makala haya yanakusudia kuwachunguza wanawake hao watatu kwa pamoja. Shabaha yake si kudai kwamba hekaya moja imezaliwa na nyingine. Ni kweli kwamba reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, wakati mji huo ukiitwa Port Florence, ilikuja na mafundi, makarani na wenye maduka waliotoka Punjab na Gujarat, nchi zinazopakana na ile ya Warajput. Hata hivyo, ujirani wa maduka si ushahidi wa kuazimana hadithi. Shabaha ni nyingine: kuonyesha kwamba hukumu anayopewa mwanamke wa hekaya, awe mtukufu au msaliti, hutegemea mno upande alioketi msimulizi kuliko tendo lenyewe, na kwamba mwandishi mmoja wa mwambao huu, Grace Ogot, aliliona jambo hilo na kulifanyia kazi.

Padmini na wasimulizi wake

Historia inajua kwamba mwaka 1303 Alauddin Khalji, sultani wa Delhi, aliizingira na kuiteka ngome ya Chittor. Mshairi Amir Khusrau alifuatana na jeshi hilo na akaandika habari za vita. Katika maandishi yake hamtaji malkia yeyote wa Chittor kwa jina, wala hasemi kwamba sultani alikwenda huko kwa tamaa ya mwanamke. Padmini tunayemjua anajitokeza mwaka 1540, yaani miaka 237 baadaye, katika utenzi wa Padmavat uliotungwa kwa Kiawadhi na Malik Muhammad Jayasi, mshairi Mwislamu wa njia ya Masufi.

Katika utenzi huo kasuku mwenye kusema anamsifia mfalme Ratansen uzuri wa binti wa kisiwa cha Simhala. Mfalme anaacha kiti chake, anavaa nguo za faqiri, anasafiri na kumwoa. Baadaye mtu mmoja aliyefukuzwa Chittor anaupeleka uzuri huohuo masikioni mwa Alauddin. Sultani anaizingira ngome. Anapewa nafasi ya kuona sura ya malkia katika kioo tu. Kisha anamteka mumewe kwa hila. Mashujaa wawili, Gora na Badal, wanamkomboa kwa hila nyingine: wanaingia Delhi na msafara wa machela, wakidai kwamba ndani yamo malkia na wanawake wake, kumbe mna askari wenye silaha. Hatimaye Ratansen anauawa katika vita vya watu wawili na mfalme jirani, wake zake wanajitosa motoni pamoja na maiti yake, na wanawake wa ngome wanakufa kwa moto kwa desturi iitwayo jauhar. Sultani anapoingia anakuta majivu.

Kwa Jayasi, safari hiyo ina maana ya ndani. Mapenzi ya mfalme ni istiara ya roho inayomtafuta Mola, na kasuku ni mwalimu aongozaye njia. Lakini hadithi haikubaki mikononi mwa Masufi. Mwaka 1589 Hemratan aliitunga upya kwa Kirajasthani, na hapo uzito ukahamia kwenye uaminifu wa Gora na Badal na heshima ya ukoo. James Tod, ofisa Mwingereza, akaiingiza katika kitabu chake cha habari za Rajasthan kilichotoka kati ya 1829 na 1832, akiichukua kama historia. Waandishi wa Bengali wa mwanzo wa karne ya ishirini wakamfanya Padmini kuwa mfano wa taifa lisilokubali kutawaliwa na mgeni. Na mwaka 2018, filamu ya Sanjay Leela Bhansali juu ya malkia huyu ilipokaribia kutolewa, watu walifanya fujo barabarani, na jina lake likabadilishwa kutoka Padmavati kuwa Padmaavat kabla haijaonyeshwa.

Mambo mawili yanafaa kuzingatiwa hapa. La kwanza ni kwamba kila kizazi kilimpa Padmini kazi mpya, lakini kazi yake ya mwisho haikubadilika: lazima afe. Mtu aliyeungua hawezi kumsahihisha anayemsifu. La pili ni ile hila ya machela. Kumpelekea adui wanawake wa uongo, wenye silaha badala ya mapambo, kumehesabiwa kuwa ushujaa wa hali ya juu. Hakuna msimulizi wa upande wa Chittor anayewaita Gora na Badal wasaliti. Jambo hili la pili ndilo linalotupeleka Kano.

Bibi arusi wa Luanda Magere

Uwanda wa Kano uko mashariki ya Kisumu, kati ya ziwa na milima ya Nandi. Hapo ndipo nyumbani kwa hekaya ya Luanda Magere, shujaa wa ukoo wa Sidho, ambaye mwili wake ulikuwa jiwe na hakuna mkuki uliomdhuru. Walang'o, jina ambalo Waluo waliwapa majirani zao wa milimani, walishindwa naye vita baada ya vita. Mwishowe wakaleta amani ya uongo, na kama dhamana ya amani hiyo wakampa msichana mzuri amwoe. Wazee walimwonya, hakusikia. Siku moja aliugua, na mke wake wa kwanza hayupo. Akamwambia yule mke mgeni amchanje ili amtie dawa. Kisu hakikuingia mwilini. Ndipo alipomfunulia siri: uchanje uvuli wangu. Msichana akachanja uvuli, damu ikatoka. Usiku akatoroka kwenda kwao na habari hiyo. Katika vita vilivyofuata mkuki uliupiga uvuli, na Luanda Magere akaanguka, akawa jiwe. Jiwe hilo huonyeshwa hadi leo karibu na mto Nyando, na inasemekana kwamba silaha ya mwindaji iliyonolewa juu yake haikosi.

Aghalabu hekaya hii huelezwa kuwa ni onyo: mwanamume asimfunulie mwanamke siri yake. Msomaji wa Biblia hukumbuka mara moja Samsoni na Delila katika kitabu cha Waamuzi. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kwenda mbali hivyo, kwani Fumo Liongo wa pwani, ambaye habari zake zilitungiwa utenzi na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, naye hakuuawa kwa silaha mpaka siri yake ya sindano ya shaba ilipojulikana. Lakini katika habari za Liongo aliyeitoa siri na kuichoma sindano ni mwanawe wa kiume, aliyerubuniwa kwa ahadi. Je, watu wa pwani walitoa katika kisa hicho funzo kwamba watoto wa kiume wasiaminiwe? Hawakutoa. Kosa la mwana lilibaki kosa la mwana mmoja, lakini kosa la mke wa Magere limegeuzwa kuwa tabia ya wanawake wote. Hapo ndipo mhakiki anapopaswa kusimama na kuuliza.

Ukiitazama hekaya ya Magere kwa jicho la mtu wa milimani, huoni msaliti. Unaona msichana mmoja aliyetumwa peke yake katika boma la adui ambaye jeshi zima lilimshindwa. Akakaa humo, akapika, akauguza, akaona ambacho wapiganaji hawakuona, akarejea usiku akiwa hai. Hila aliyoitumikia ni hila ileile ya machela ya Chittor, isipokuwa Gora na Badal walikuwa na askari ndani ya machela, naye hakuwa na mtu. Kama hekaya ingesimuliwa upande wa pili wa Nyando, pengine angeimbwa. Huku Kano, hata jina lake halijulikani sana. Wengi humwita tu mke wa Kilang'o.

Kuna jambo jingine ambalo usomaji wa haraka hulipita. Kwa desturi ya Waluo mtu haoi ndani ya ukoo wake. Kwa hiyo kila mke katika kila boma ni mtu aliyekuja kutoka kwingine, mara nyingi kutoka kwa watu ambao zamani walikuwa wapinzani. Mke wa Kilang'o basi si kioja. Yeye ni hali ya kawaida ya ndoa iliyovutwa mpaka mwisho wake: mgeni anayelala karibu na uvuli wa mwenye nyumba. Hofu inayosimuliwa ni hofu ya ukoo juu ya wake zake wote. Na ni nani aliyesimulia? Watoto walisikia sigana katika siwindhe, nyumba ya mwanamke mzee aliyewalea na kuwafundisha usiku, ambaye naye alikuwa amewahi kuwa bibi arusi mgeni. Yawezekana kabisa kwamba katika kinywa chake hekaya hii haikuwa onyo peke yake. Msichana aliyeisikiliza, akijua kwamba siku moja ataondoka kwao, aliweza kusikia humo kwamba mke mgeni si mtu wa kudharauliwa.

Suala hili si la vitabuni tu. Mpaka baina ya uwanda wa Kano na milima ya Nandi umeona damu katika miaka ya karibuni. Mapigano yaliyoanzia shamba la Meteitei mnamo Oktoba 1991, na kuenea sehemu nyingi za Bonde la Ufa na mipaka yake, yalikuwa baina ya Wakalenjin na Waluo waliokuwa majirani. Pande zote mbili kuna familia zilizooana. Mtoto wa ndoa kama hiyo anaposikia kwamba binti anayetolewa na watu wa milimani ni mkuki uliofunikwa kwa nguo za arusi, anayeelezwa ni mama yake. Okoiti Omtatah aliichukua hekaya hii na kuiandika kuwa tamthilia ya Kiingereza, Lwanda Magere, iliyochapishwa mwaka 1991, mwaka uleule wa Meteitei. Kwa kuwa mchezo huongeleshwa na watu, kila anayeuweka jukwaani hulazimika kuamua mke huyo atasimama wapi na atatamka kwa sauti gani. Uamuzi huo ni uhakiki tayari.

Oganda na mvua

Grace Ogot alizaliwa Asembo mwaka 1930 na kufariki mwaka 2015. Hadithi yake "The Rain Came", iliyomo katika mkusanyo wa Land Without Thunder wa mwaka 1968, imejengwa juu ya simulizi ya jadi ya mwambao huu. Ukame umeingia. Mganga Ndithi anamletea mtemi Labong'o neno la wahenga: msichana bikira lazima afe ziwani, naye ni Oganda, binti wa pekee wa mtemi. Watu wanamsifu na kumchezea ngoma. Anatembea peke yake njia ndefu kuelekea kwenye zimwi la ziwa. Karibu na maji, mpenzi wake Osinda anamshika, anamvika vazi la majani ili macho ya wahenga na ya zimwi yasimwone, wanakimbia. Kisha radi inapiga, na mvua inanyesha.

Kifani, badiliko kubwa analolifanya Ogot ni la mahali pa jicho. Simulizi ya jadi ingeweza kuketi na wazee ikimtazama msichana akiondoka. Ogot anamweka msomaji kwanza pamoja na baba, ambaye ni mtawala na mzazi na hawezi kuwa vyote viwili kwa wakati mmoja. Kisha anamhamishia ndani ya Oganda. Wakati wakubwa wakizungumza faraghani, Oganda anadhani wanapanga arusi yake, naye anawapima wachumba moyoni. Kejeli hii ni chungu, kwa kuwa hakukosea sana. Maandalizi yote ni ya arusi: mafuta, ngoma, sifa, kuagwa, safari ya kuondoka kwao milele. Ogot hahitaji kuhubiri kwamba kuozwa na kutolewa kafara vinafanana. Anaviweka kando kwa kando na kumwachia msomaji aone.

Tukio la njiani linastahili kutajwa pia. Mtoto mdogo anamkimbilia Oganda na kumpa herini ampelekee dada yake aliyekufa juma lililopita, kwa sababu aliisahau. Oganda anaipokea. Kwa mtoto huyu, anayekwenda kufa ni mjumbe tu wa kubebea watu vitu vyao. Ni ukatili usio na chuki ndani yake, na ndiyo maana unaumiza: jamii nzima imekwisha kumhesabu miongoni mwa wafu hali angali anatembea.

Wahakiki wanaweza kubishana juu ya mvua ya mwisho. Mmoja atasema kwamba wahenga walimhurumia Oganda. Mwingine kwamba mvua ilikuwa ije tu, na kafara ilikuwa ushirikina. Wa tatu kwamba utayari wake wa kwenda ulitosha, kama ilivyotosha kwa Ibrahimu na mwanawe. Maandishi yenyewe hayamfungi msomaji upande wowote. Lakini lipo swali ambalo ni zito kuliko hayo: kijijini kwa Labong'o watasema nini?

Kijijini hawakumwona Osinda. Waliona binti akienda ziwani, kisha wakaona mvua. Kwao hakuna la kujadili. Watasema Oganda alikufa, na kwa kufa kwake aliwaokoa; watatunga nyimbo; watawaambia mabinti wao wawe kama Oganda. Msomaji peke yake ndiye ajuaye kwamba yu hai, amejificha ndani ya majani, na kwamba wimbo huo utakuwa uongo utakaosimuliwa kwa nia njema. Kwa maneno mengine, Ogot ameandika namna Padmini anavyotengenezwa. Amerudi nyuma ya hekaya na kuonyesha njia tupu ambapo hapakuwa na shahidi, halafu akaonyesha mvua ambayo itachukuliwa kuwa ushahidi. Chittor nako waliobaki waliona majivu, na vizazi vilivyofuata vikajaza jina, uso na nia. Hakuna aliyeyasikia maneno ya mwisho ya mwanamke yeyote wa ngome ile.

Haifai hata hivyo kumfanya Ogot mwasi anayebeza jadi. Wahenga katika hadithi yake wana macho, ndiyo maana vazi la majani linahitajika. Labong'o si jitu katili; analia. Na wokovu wa Oganda unatoka kwa mwanamume, jambo ambalo mhakiki wa leo anaweza kulilaumu kwa haki: Oganda hajiokoi, anaokolewa, na uhuru wake unaanza kwa kukimbia nyuma ya mchumba. Ogot mwenyewe aliendelea mbele. Katika Miaha, riwaya yake ya Kiluo ya mwaka 1983, bibi arusi Nyawir ndiye atendaye: anashika jembe kinyume cha mwiko, na kuanzia hapo watu wanalazimika kulima kwa jasho lao. Huyo hasubiri mtu wa kumfunika kwa majani. Jamii inamlaumu, lakini haiwezi kusimulia asili ya kazi yake bila kumtaja.

Hitimisho

Wanawake watatu waliochunguzwa hapa wamepewa hukumu tatu. Padmini alikufa, akatukuzwa. Mke wa Magere aliishi, akalaaniwa. Oganda aliishi, lakini kwa jamii yake atatukuzwa kwa sharti moja, kwamba idhaniwe amekufa. Ukiziweka hukumu hizo pamoja, kanuni inajitokeza yenyewe: hekaya za vita na misiba humpa mwanamke heshima kwa kiasi cha kunyamaza kwake, na hakuna anyamazaye kuliko maiti. Hila, ujasiri na utii si vipimo, kwa sababu tendo lilelile lililosifiwa kwa wanaume wa machela lililaaniwa kwa msichana wa milimani.

Kwa mwalimu wa fasihi simulizi katika shule za mwambao huu, jambo hili lina maana ya kazi. Hekaya ya Luanda Magere haifai kuachwa. Ni miongoni mwa hekaya zenye nguvu kubwa kabisa katika nchi hii, na jiwe lake lingalipo. Linalofaa kuachwa ni ile desturi ya kuimaliza kwa methali dhidi ya wanawake na kufunga daftari. Wanafunzi waulizwe badala yake: amani ile ilikuwa ya nani? Nani alimtuma msichana, na kama angekataa angefanywa nini? Mke wa kwanza alikuwa wapi siku ya ugonjwa? Mwanafunzi mwenye mama wa milimani na baba wa Kano anaweza kuwa na jibu ambalo mwalimu hakulitarajia, naye apewe nafasi ya kulitoa darasani.

Hekaya haibadiliki kwa kuulizwa maswali. Jiwe la Nyando litabaki palepale, na wawindaji wataendelea kunoa. Kitakachobadilika ni kwamba yule aliyeuchanja uvuli, akaona damu, akatoka nje usiku na kuanza kupanda mlima peke yake, hatakuwa tena mkuki uliovishwa nguo za arusi. Atakuwa mtu aliyekuwa njiani.